Chungu Chenye Mdomo Mweusi

Mama alirudi kutoka matanga ya Bibi, huko kijijini kwao upande wa Muheza, na kwenye mkoba wake alikuwa na soksi moja ya mtoto mchanga, ya manjano, imefungwa fundo. Ndani ya soksi mlikuwa na kijiwe cha mtoni, cheusi, ukubwa wake kama yai la njiwa. Ubavu mmoja umelika kwa kusugua mpaka umekuwa laini kabisa. Nilikinusa kabla sijakitazama vizuri. Kilinukia ubani, na moshi, na ile harufu ya udongo mkavu unapopata mvua ya kwanza. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Midrand, Afrika Kusini, bado na nguo za kazini, nikahisi uso unaniwaka kwa aibu. Sikulia. Mama alidhani ni msiba umenishika, akanipigapiga mgongoni, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Nitaieleza aibu yenyewe kama ilivyokuwa. Nyinyi mliokulia Joni, yaani Johannesburg, kama mimi, mkisemeshwa Kiswahili na mama zenu mnajibu Kiingereza, huenda mna ya kwenu mliyoyafukia.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili mtaa wa La Rochelle, uani nyuma ya nyumba ya mwenye nyumba. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, na kwa desturi ya kwao mama wa mzazi huja kumkanda mwanawe kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini ipite. Bibi akapanda basi, akalala njiani siku kadhaa, akashuka na kanga, kifurushi cha ubani na kijiwe hicho kwenye pindo. Arobaini ikapita, naye akabaki, kwa sababu Mama alikuwa bado dhaifu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilimjua kwa sauti ya simu tu, na sasa alikuwa analala kitanda kimoja na mimi.

Aliniita mke mwenzangu. Ndivyo bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, kwamba wamekuja kumgombea mume. Mtoto wa kule angejibu kwa utani mkali zaidi. Mimi nilimwomba Mama amkataze, nikiogopa asije akaniita hivyo mbele ya mtu anayeelewa. Maji ya friji hakuyataka. Alisema yanauma meno na hayana harufu, na maji yasiyo na harufu ya mtungi uliofukizwa ubani ni maji ya kufulia. Umeme ulipokatwa kwa zamu na friji ikazimika, alifurahi waziwazi.

Shuleni, muhula ule, tulikuwa tunasoma Misri ya kale. Mwalimu wetu wa historia, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, alitaka kila mmoja afinyange chombo kama walivyofinyanga Wamisri wa kale, kisha asimame aeleze kilivyotengenezwa. Vilivyo bora vingewekwa ukumbini Jumamosi ya wazazi, kila kimoja na kadi yake. Kusaidiwa kuliruhusiwa, alisema, lakini aliyekusaidia lazima umtaje, na jina lake litaandikwa kwenye kadi chini ya lako.

Nilimweleza Mama kwa Kiingereza, Mama akamweleza Bibi. Bibi akauliza kama ni Misri ile ya Firauni. Mama akasema ndiyo hiyo hiyo.

“Kumbe Firauni naye alikunywa maji ya mtungi,” Bibi akasema, akacheka mpaka akamwamsha mtoto.

Udongo aliupata mtaani. Watu wa bomba la maji walikuwa wamechimba mtaro mrefu kando ya barabara, na chini, chini ya changarawe, palikuwa na utepe wa udongo mwekundu unaonata. Bibi aliinama pembeni ya mtaro, akachukua donge, akalivunja, kisha akaweka kidogo ulimini. Akautafuna taratibu, macho yamefumba, akautema. Akahamia mbele hatua kumi, akaonja tena. Leo najua alikuwa anatafuta mchanga kwa ulimi, kwa sababu udongo wenye mchanga mwingi hauvutiki. Siku ile niliona tu kizee chenye kanga kinakula barabara mchana kweupe, na magari yanapunguza mwendo.

Kesho yake darasani, Naledi, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, aliwasimulia wenzetu kwamba mtaani kwao kuna kikongwe cha kikwerekwere, neno la dharau wanalotuitia wageni huku, kinachokula udongo. Aliigiza na namna ya kutema. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, na nilicheka kwa sauti.

Sasa niseme kazi ilivyofanyika, maana niliiona yote na sijasahau hata hatua moja. Bibi aliloweka udongo kwenye ndoo ya rangi, akatoa mawe kwa vidole. Akatwanga chungu cha maua kilichovunjika mpaka kikawa unga, akauchanganya ndani, pamoja na nyasi kavu za kipupwe alizozikatakata kwa kisu cha jikoni, ili chombo kisipasuke motoni. Akaukanda kwa visigino. Kitako alikitengeneza ndani ya bakuli lenye kitambaa, kisha akasokota udongo kuwa kamba nene na kuzizungusha juu yake, moja juu ya nyingine, akizishikanisha kwa dole gumba na kulainisha kwa kipande cha kibuyu. Gurudumu hakuwa nalo. Aliyezunguka ni yeye mwenyewe. Aliweka chungu juu ya ndoo iliyofudikizwa, akainama, akakizunguka kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje, kanga imekazwa kiunoni. Alitengeneza vitatu: mtungi wa maji, chungu cha Mama, na kidogo chembamba chenye mdomo mpana, ambacho kilikuwa changu.

Katika kile changu nilisokota kamba moja. Ilitoka nene huku, nyembamba kule. Bibi hakuitoa. Aliishikanisha na zake, akaisawazisha, akaendelea.

Vilipoanza kukauka akavipaka ngeu aliyoipata kwa kusaga jiwe jekundu, kisha akaanza kusugua kwa kijiwe. Mchana baada ya mchana, mtoto mgongoni, kijiwe kinakwenda na kurudi, mpaka udongo ukaanza kung'aa kabla hata haujaona moto.

Kuchoma kulikuwa Jumapili. Baba alikuwa ameleta mapaleti yaliyovunjika kutoka ghala alikofanya kazi, na gunia la maranda. Kwao Bibi, mfinyanzi akishawasha moto hasemi neno tena. Hasalimii, hasalimiwi. Atasema vyungu vitakapopoa na kupigwa kwa kidole vikalia. Akisema kabla, vinapasuka, na kila mtu kijijini anajua kosa ni la nani. Mama alinieleza hayo akiwa mlangoni, kisha akaingia ndani na mtoto kukwepa moshi.

Mwenye nyumba akatoka mbio. Moshi ulikuwa umeingia kwenye nguo zake alizoanika. Akamsimamia Bibi kichwani, anauliza huu ni uchizi gani, nani ameruhusu moto uani kwake. Bibi akamtazama kwa adabu, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Mwanamke akazidi kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyejua sababu ya kimya kile, na ningeweza kuieleza kwa Kiingereza safi. Nilichosema ni kwamba bibi huyu ni kiziwi. Mwenye nyumba akatulia papo hapo, akatuonea huruma, na tangu siku hiyo alimsalimia Bibi kwa kupunga mikono yote miwili. Bibi alidhani ndiyo salamu ya huku, naye akawa anampungia vivyo hivyo. Nilikuwa nikiwatazama wanapungiana asubuhi kila siku, na sikusema kitu.

Moto ulipokolea, Bibi alichukua mti mrefu uliolowekwa maji, akakitoa kile changu kikiwa chekundu kama kaa, akakifudikiza mdomo chini ndani ya rundo la maranda. Moshi mzito ukafuka. Vile viwili vingine akaviacha vikaiva vilipo. Jioni ile, jua bado lipo, alivigonga kimoja kimoja na vyote vikalia. Mtungi na chungu cha Mama vilikuwa vyekundu tupu, vizuri. Changu kilikuwa chekundu chini, lakini mdomo wote, na ndani, ulikuwa mweusi tii.

“Hiki ndicho chako, mke mwenzangu,” alisema, na ndilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi. “Nimekitia mdomo.”

Nikasema ahsante. Moyoni niliona kimeungua. Niliona amekiharibu kwa kukitoa motoni mapema, na badala ya kukiri, amenipa mimi mtoto kilichoharibika na vizuri amemwekea mwanawe. Niliyaamini hayo kabisa. Nilikwenda nacho kwa jirani yetu Mkongo, aliyekuwa amebakiwa na kopo la rangi ya dhahabu baada ya kupulizia rimu za gari lake, nikakipulizia nje chote, kuanzia mdomo mpaka kitako. Ndani rangi haikufika. Nilikifunga kwenye mfuko wa plastiki na kukificha chini ya kitanda mpaka siku ya shule, nikimwambia Bibi naogopa kisivunjwe.

Darasani vyombo vingi vilikuwa vya dhahabu. Cha Naledi kilikuwa cha magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, na kilikuwa kimeanza kubonyea. Mwalimu alipita dawati kwa dawati akisifu kidogo hapa na pale. Alipokishika changu alishtushwa na uzito wake. Akakigonga kwa ukucha, kikalia. Akachungulia ndani, akaona ule weusi. Kisha akakwangua dhahabu mdomoni kwa ukucha, taratibu, na sura yake ikabadilika. Alikwenda kabatini akarudi na kitabu kikubwa, akakifungua mbele ya darasa.

Kwenye picha kulikuwa na chungu changu. Chekundu chini, kimesuguliwa kinang'aa, mdomo mweusi tii. Mwalimu alisema vyungu vya namna hiyo vilifinyangwa Misri kabla hakujawa na Firauni wala piramidi hata moja, kwa mkono, bila gurudumu, kwa udongo wa mto Nili. Alisema mpaka leo wataalamu wanabishana jinsi mdomo ulivyotiwa weusi bila chini kuguswa. Akanigeukia.

“Nani amekufundisha hivi?”

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa la neno moja. Lakini Naledi alikuwa kushoto kwangu, bega kwa bega, na kumtaja Bibi ilikuwa ni kuliambia darasa zima kwamba kikongwe anayekula udongo analala kitanda kimoja na mimi.

“Hakuna,” nikasema. “Nimefanya mwenyewe. Nilitazama kwenye simu.”

Akaniambia nieleze. Nikaeleza. Nilieleza nyasi, na vigae vilivyotwangwa, na kamba za udongo, na kijiwe, na namna unavyokitoa kikiwa chekundu ukakifudikiza kwenye maranda ili mdomo unyimwe hewa na unywe moshi. Nilipomaliza mwalimu alikaa chini. Wenzangu walinipigia makofi. Naledi alinishika mkono. Nisiseme uongo mwingine juu ya ule: nilifurahi. Kwa muda kama wa kutembea kutoka mbele ya darasa mpaka kwenye dawati, nilifurahi kuliko siku yoyote ya utoto wangu, na nilijua wakati uleule furaha hiyo ni ya nani. Mwalimu akaandika kadi. Juu jina langu. Chini, kwenye mstari wa aliyesaidia, akaandika hakuna.

Rangi akaniambia niitoe. Niliisugua kwa tambara na mafuta ya kutolea rangi, lakini kwenye kitako dhahabu iliganda mabakamabaka.

Nyumbani nilisema Jumamosi ile ni ya wazazi peke yao. Baba alikuwa na zamu, Mama alikuwa na mtoto. Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimesimama kando ya meza ukumbini, kadi mbele yangu, nilipomwona Bibi anaingia mlangoni na kanga yake mpya, viatu vya Mama vinampwaya. Alikuwa amevuka peke yake roboti mbili, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani, na roboti ni kitu alichokiogopa kuliko mbwa. Nilimwamkia kwa sauti ya chini, shikamoo, nikitazama chini. Akaitikia marahaba kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani.

Akaenda moja kwa moja kwenye chungu. Akakigeuza, akayaona yale mabaka, akalowesha kidole gumba kwa mate na kusugua. Hayakutoka.

“Kimeshikwa na homa ya manjano hiki,” akasema.

Mwalimu akafika akitabasamu. Akaniuliza kama huyu ni bibi yangu. Naledi na mama yake walikuwa meza ya pili. Nikasema ndiyo, kwa sauti ndogo mno. Mwalimu akamtazama Bibi, akatazama chungu. Kisha akaitazama mikono ya Bibi, ambayo ilikuwa na wekundu wa udongo kwenye mizizi ya kucha, wekundu usiotoka kwa sabuni. Sidhani alikuwa mjinga. Hakuniomba nitafsiri. Alionyesha chungu kwa kidole, kisha akaionyesha ile mikono, akainua nyusi.

Swali hilo halikuhitaji Kiingereza. Bibi alilielewa, akafungua mdomo kujibu, na uso wake ulikuwa tayari umeanza kuchanua. Ndipo akanitazama. Sijui aliona nini. Najua tu mimi nilikuwa natikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayemkatalia mtoto mbele ya wageni.

Akafumba mdomo. Akaingiza mikono yake yote miwili chini ya kanga, akaificha, na kwa kidevu akanionyesha mimi.

“Yeye,” akasema.

Mwalimu akapiga makofi, akaniambia nimwambie bibi yangu kwamba bila shaka anajivunia. Nikatafsiri, kwa Kiswahili changu kibovu. Bibi akasema, “Mwambie ndiyo.”

Tulirudi kwa miguu. Kwenye roboti alinishika mkono, kwa sababu hakuwahi kumwamini yule mtu wa kijani. Nilitamani anichape. Nilitamani amwambie Mama, Mama amwambie Baba, nipigwe yaishe. Katikati ya barabara aliniuliza swali moja tu.

“Wangekucheka?”

“Ndiyo.”

“Haya.”

Neno samahani nilikuwa nalijua. Kiswahili changu kilikuwa kidogo, lakini samahani lilikuwamo, na ningeweza kulisema siku ile au siku yoyote kati ya zile zilizobaki. Sikulisema. Mvua za kwanza zilipoanza, Bibi akaondoka na basi, na bila sisi kujua akachukua soksi moja ya mdogo wangu kuwa ukumbusho. Mtungi wake ulivunjika tulipohama. Chungu changu kilibaki shuleni, na mimi sikukiuliza.

Kwenye simu alikuwa akiniuliza, “Mke mwenzangu, unafinyanga?” Nilijibu masomo ni mengi, baadaye nikajibu kazi ni nyingi. Kiswahili nilikuja kujifunza vizuri ukubwani, na nikawa nazungumza naye kwa raha, tukitaniana, nikimwambia Babu kaniahidi nyumba. Kila mara nilipanga kulisema lile, na kila mara nililiahirisha mpaka simu ya kesho. Majuto ni mjukuu, husema watu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Nilipokuwa nimeshika kijiwe jikoni, Mama alinieleza habari ambayo sikuwa nayo. Kijiwe hicho kwao hurithiwa na mwanamke anayefinyanga, na wadogo zake Mama wawili wanafinyanga mpaka leo. Walitarajia kupewa wao. Bibi alikataa. Miaka yote hiyo alikuwa akiwasimulia watu, kisimani, msibani, harusini, kwamba huko Joni ana mjukuu aliyefinyanga chungu cha Firauni chenye mdomo mweusi mpaka mwalimu wa Kizungu akampigia makofi. Walipomuuliza nani kamfundisha, alisema, hakuna, kajifunza mwenyewe.

“Na ule mdomo hakumfundisha mtu mwingine,” Mama akasema. “Alichoka, mikono ilimuuma. Wakimuuliza, aliwaambia wamuulize mke mwenzake. Mama zako wadogo wanataka kujua utakwenda lini kuwaonyesha.”

“Mama, chungu kile sikukifinyanga mimi.”

“Najua. Si nilikuwa ndani ya nyumba ile ile? Yeye ndiye aliyeniapisha nisikuseme.”

Nimeomba likizo. Nitakwenda kiangazi, nyasi zikiwa kavu, na kijiwe nitakirudisha kijijini kikiwa kwenye soksi yake. Nitakanda, nitazunguka kinyumenyume, nitawasha moto na kunyamaza inavyotakiwa, na chungu kikishapoa na kulia nitawaambia wale wanawake nani alinifundisha. Watafurahi, na hakuna atakayecheka. Kumtaja kule hakutanigharimu kitu. Pale ukumbini kungenigharimu, na pale sikumtaja.